Vidonge vya antioksidanti au mboga na matunda yenyewe?

Ndugu yangu, umeuliza kama vidonge vya antioksidanti, yaani viini vinavyosaidia kulinda seli za mwili zisiharibiwe, vinaweza kuchukua nafasi ya mboga na matunda, na kama ni kweli kupika kunaharibu kila kitu.

Kuhusu vidonge, nakusihi uachane navyo, hasa kwa kuwa umesema unavuta sigara. Huko Ufini, wanaume wavutaji zaidi ya 29,000 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994: waliopewa vidonge vya beta-karotini (antioksidanti iliyomo pia kwenye karoti), miligramu 20 kwa siku, waliugua saratani ya mapafu kwa kiwango kilichozidi cha wasiopewa kwa takriban asilimia 18. Utafiti mwingine wa Marekani ulisitishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu ya aina hiyohiyo. Karoti usiiogope hata kidogo. Hatari ilionekana kwenye dozi kubwa za vidonge.

Suala la kupika linategemea unapika nini. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na joto huipunguza, kwa hiyo mboga za majani zipike haraka, kwa maji machache, na maji hayo usiyamwage. Nyanya ni kinyume chake. Likopini, ile inayoipa wekundu, mwili huifyonza vizuri zaidi nyanya ikipikwa na mafuta kidogo. Vitunguu navyo usivimenye kupita kiasi, maana kwesetini, antioksidanti nyingine, imejaa zaidi kwenye matabaka ya nje. Tufaha lioshe vizuri, ulile na ganda lake.

Kama vidonge hivyo umeshaanza kuvimeza, mwambie daktari wako.