Redio za ridhaa Tanga: kelele za usiku, waya wa dishi na spika za msikiti

Barua nyingi za wanaridhaa, yaani watu wanaozungumza kwa redio zao wenyewe kwa kupenda tu, safari hii zinauliza redio ipi inunuliwe. Nimezitanguliza zile zinazouliza kuhusu waya, kelele na chumvi, maana huko ndiko vituo vingi vya pwani yetu vinakokwama. Redio kuukuu yenye antena iliyopimwa vizuri, ndani ya nyumba isiyo na kelele za umeme, itawasikia watu ambao redio ya mamilioni haitawasikia.

Shikamoo mwalimu. Nipo Ngamiani, nyumba zimebanana. Daipole yangu (antena ya waya wenye mikono miwili) ya mita 40, yaani megahezi 7, nimeilaza juu ya bati. Mchana nasikia kiasi, lakini ikifika magharibi mshale wa kupimia nguvu ya mawimbi unapanda hadi alama ya S8 na haushuki. Redio imeharibika?

Marahaba, mwanangu. Redio yako nadhani ni nzima.

Anza kwa kutofautisha kelele za radi na kelele za mtaani. Za radi hupasuka na kunyamaza, kisha zikapasuka tena. Usiku masafa ya megahezi 7 huleta radi za mbali sana, na bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani, kwa hiyo kuna sehemu ya kelele hiyo ambayo huna la kuifanya. Kelele ya mtaani haipumziki. Huvuma mfululizo, au hujirudia kila baada ya kilohezi kadhaa unapozungusha kitufe cha masafa, na mara nyingi huhama polepole kadiri kifaa kinavyopata moto. Kwako inaanza magharibi, saa ambayo kila nyumba inawasha taa. Hilo peke yake linaonyesha pa kuanzia.

Iwashe redio kwa betri ya volti 12, kisha zima meni swichi ya nyumba nzima. Waombe radhi wenyeji wako, ni dakika tano tu. Kelele ikishuka, mwizi yuko ndani. Washa swichi moja moja ukitazama mshale. Kwa mitaa yetu wanaokamatwa mara nyingi ni taa za LED za bei rahisi, chaja za simu zisizo na jina, adapta ya king'amuzi, na kontrola ya sola, ambayo hupiga kelele mchana jua likiwaka na kunyamaza usiku. Taa na chaja badilisha tu. Kile usichoweza kubadilisha, zungushia waya wake kwenye pete ya feraiti, ile kauri nyeusi ya kisumaku inayozuia kelele. Kwa masafa ya chini omba ile inayoitwa aina ya 31, na uzungushe mara nyingi: nguvu ya kuzuia hukua takriban kwa mraba wa mizunguko, hivyo mizunguko 6 hukaribia kuzuia mara 36 zaidi ya waya uliopita mara moja tu. Wengi hubana kipande kimoja juu ya waya, wakaona hakuna mabadiliko, wakasema feraiti ni uongo.

Kama meni swichi imezimwa na kelele iko palepale, chukua redio ndogo ya mkononi yenye AM, iweke mahali pasipo na stesheni, utembee nayo mtaani. Ukimpata jirani, nenda kwake kwa adabu, ukiwa na taa mpya mkononi. Sijaona jirani aliyekataa kubadilishiwa taa bure. Ukikuta kelele imekaa kwenye nguzo ya umeme, huenda ni vikombe vya juu vimejaa chumvi. Hiyo huchacha siku zisizo na mvua zenye upepo wa unyevu kutoka baharini na hukoma mvua ikiviosha. Andika namba ya nguzo, waarifu mafundi wa umeme. Usiipige nguzo kwa nyundo wala kuitikisa waya wake wa kushikilia. Najua wapo wanaofundisha hivyo, na ni hatari ya kufa.

Halafu iondoe antena juu ya bati. Daipole iliyolala kwenye bati hupoteza kipimo chake, na iko karibu kabisa na kila chaja ya nyumba. Simamisha mlingoti wa mita 7 au 8, weka kitovu juu, mikono iteremke pande mbili. Kipimo ni 143 gawanya kwa megahezi: kwa 7.1 unapata mita 20.1, yaani kila mkono kama mita 10 na sentimita 7. Kata mrefu kidogo zaidi, halafu punguza huku ukitazama mita ya SWR, inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye antena. Antena hiyohiyo itakubali pia megahezi 21, kwa kuwa 21 ni mara tatu ya 7.

Nimepanga Raskazone, hatua chache kutoka majini. Rafiki yangu wa Dar anasema nifunge antena ya wima na siyo daipole. Ni kweli?

Ni kweli, na nakuonea wivu wa heri. Maji ya chumvi hupitisha umeme takriban mara elfu moja kuliko udongo wa kawaida. Antena ya wima penye udongo mkavu hupoteza nguvu nyingi ardhini. Ikisimama ufukweni, mawimbi yake hutoka chini karibu na upeo wa bahari, na hayo ndiyo yanayofika mbali. Kwa megahezi 14.2 unahitaji waya wa mita 5 uliosimama kando ya ufito au bomba la plastiki, pamoja na waya nyingine mbili za mita 5 zilizoinuliwa kidogo juu ya mchanga kama ethi yake. Isogeze ndani ya mita 20 kutoka kwenye maji. Siku za bamvua maji hupwa mbali, lakini mchanga ulioloa chumvi bado ni bora kuliko udongo wa bustani.

Jambo ambalo rafiki yako hakukuambia ni kwamba bahari husaidia upande ule ilipo. Anayekaa Sahare au Mwambani akitazama mashariki, faida yake kubwa ni India, Japani na Australia. Mawimbi yake ya kwenda Ulaya yanapita juu ya nchi kavu. Raskazone mna ghuba upande wa kaskazini, kwa hiyo Ulaya nayo mnaipata juu ya maji. Pima mwenyewe mahali pa kusimamisha kwa kutazama huko.

Sasa bei ya kukaa hapo. Chumvi itaila shaba ya waya mtupu hadi iwe ya kijani, kwa hiyo tumia waya wenye ganda, ukijua kwamba ganda huufanya waya uwe mrefu kiumeme, utapunguza asilimia mbili tatu. Shaba na alumini visigusane; weka waya wa chuma kisichoshika kutu au washa yake katikati, la sivyo alumini itageuka unga. Kila kiunganishi kifungwe kwa utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, juu yake utepe wa kawaida. Silikoni inayonuka siki usiitumie karibu na shaba. Harufu ile ni asidi, na itafanya kazi ya chumvi kabla chumvi haijafika. Kabla waya haujaingia dirishani, uuache ushuke chini ya dirisha kisha upande, ili maji yadondokee nje. Fungua na kukagua viunganishi mara mbili kwa mwaka, kabla ya kusi na kabla ya kaskazi.

Koaksi (waya wenye ngao unaopeleka mawimbi kwenye antena) ya RG-58 nimeambiwa niagize. Madukani hapa kuna waya wa dishi tu. Nitumie?

Tumia, tena bila hofu. Waya wa dishi, RG-6, ni wa omu 75 na redio yako inataka 50, lakini tofauti hiyo inakupa SWR ya 1.5 hivi, ambayo redio yoyote nzima inaivumilia. Daipole iliyo juu vya kutosha yenyewe iko karibu na omu 73. Kwenye megahezi 145, mita 30 za RG-58 hula takriban desibeli 6, yaani robo tu ya nguvu yako inafika juu. RG-6 ya urefu huo hula chini ya nusu ya desibeli hizo. Ubaya wake ni kwamba ngao yake ni ya alumini, hailehemeki. Funga konekta zake za dishi za kubana, kisha utumie adapta.

Nina wati 100. Nikinunua amplifaya ya wati 400 nitasikika Ulaya vizuri?

Utapanda alama moja ya S kwa mwenzio, basi. Na wewe hutasikia hata chembe zaidi. Pesa hiyo ipeleke kwenye mlingoti.

Kaka, niko Mabokweni. Kila nikirusha kwenye mita 40, sauti yangu inatoka kwenye spika za msikiti wa jirani. Wazee wamekasirika na mimi naona aibu. Nifanyeje?

Pole sana, ndugu yangu. Leo hiihii acha kurusha kwenye masafa hayo mpaka mmalize jambo hili, na uende kwa imamu kabla hajakuita. Mweleze mwenyewe kwamba una leseni, kwamba hukukusudia, na kwamba utaleta vifaa vya kutengeneza kwa gharama yako. Nenda baada ya sala, siyo wakati watu wanajiandaa.

Chanzo karibu kila mara ni waya wa spika. Waya wa mita 10 kutoka amplifaya hadi juu ya mnara ni robo kamili ya wimbi la mita 40, kwa hiyo umekuwa antena bila mtu kutaka. Mawimbi yako yanateremka nao hadi ndani ya amplifaya, transista zikayageuza kuwa sauti. Ndiyo maana kugusa kitufe cha sauti hakusaidii: sauti yako inaingia baada ya kitufe hicho.

Dawa inawekwa pale waya unapoingia kwenye amplifaya, siyo kule kwenye spika. Zungusha waya wa kila spika kwenye pete ya feraiti ya aina ya 31, mizunguko 8 hadi 12 kadiri tundu linavyoruhusu. Fanya vivyo hivyo kwa waya wa maikrofoni na waya wa umeme. Ikibaki sauti ndogo, badilisha waya wa spika uwe wa nyuzi mbili zilizosokotana. Usifungue amplifaya ya watu.

Upande wako nako kuna kazi. Mara nyingi nusu ya tatizo ni mkondo unaorudi nyuma juu ya ngao ya koaksi na kuifanya koaksi nzima irushe, mpaka ndani ya nyumba. Chini ya kitovu cha daipole fanya koili ya koaksi yenyewe, mizunguko 8 hadi 10 yenye upana wa sentimita 15 hadi 20, au zungusha kwenye pete kubwa ya feraiti. Kama maikrofoni inakuchoma mdomo unaporusha, una hakika ugonjwa ni huo. Hamisha mwisho wa antena mbali na mnara, hata mita 10 zina maana, na jaribu wati 20 badala ya 100. Kisha mfanye jaribio pamoja, mtu mmoja wa msikitini akisikiliza na wewe ukirusha kwa kutaja alama ya kituo chako inayoanza na 5H. Wakisikia kimya kwa masikio yao, watakuamini. Na hata baada ya kufaulu, nyakati za adhana na sala acha kurusha. Ni ujirani.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nina Baofeng, redio ndogo ya mkononi. Naweza kuongea na binamu yangu Lushoto kutoka Usagara?

Marahaba. Moja kwa moja, hapana. Masafa ya megahezi 145 yanaenda panapoonekana, na mji wa Lushoto umefichwa ndani ya milima, tena Usambara ya mashariki imesimama katikati. Aliye kwenye ukingo wa Amani unaotazama Muheza utampata hata kwa wati 5, hasa ukitoa ule mpira wa antena na kufunga waya wa sentimita 49 juu ya paa wenye waya nne chini yake. Lushoto inafikika mchana kwa redio nyingine, ya megahezi 7, na daipole iliyo chini, mita 5 hivi, inayorusha mawimbi juu angani yakarudi chini.

Lakini kabla ya yote, leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Bila hiyo sikiliza tu. Kusikiliza kwa mwaka mmoja kutakufundisha mengi. Na kwa kuwa kijiredio hicho kinaweza kufungua masafa ya polisi na ya vyombo vya baharini, 156.8 ikiwa ndiyo ya kuombea msaada baharini, kifungie masafa yako tu. Baba zetu wavuvi wanaitegemea.

Pangani. Nafunga daipole kati ya minazi miwili kwa kamba ya katani, inakatika waya kila mara.

Katani ikilowa hufupika, ikikauka hulegea, na juu ya hilo minazi inayumba. Tumia kamba ya nailoni nyeusi ipite kwenye kapi juu ya mnazi mmoja, mwisho wake uning'inize jiwe la kilo 4 au 5 likiwa huru kupanda na kushuka. Mnazi ukiyumba, jiwe linapanda, waya unabaki mzima. Katani yetu tuiuze, tusifungie antena.

Niko Muheza, nina dishi la zamani na LNB yake, kile kichwa kinachopokea mawimbi. Nimesikia kuna setilaiti ya wanaridhaa. Inaonekana huku?

Inaonekana vizuri kuliko Ulaya. Ni Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imekaa nyuzi 25.9 mashariki, na kifaa chake cha wanaridhaa kinaitwa QO-100. Kwako iko juu sana, karibu nyuzi 73 kutoka upeo wa macho, upande wa magharibi ukielekea kidogo kaskazini. Dishi la sentimita 80 linatosha kusikiliza. Kwa kuwa litatazama karibu angani kabisa, toboa tundu dogo mahali maji yatakapokusanyika, vinginevyo masika italijaza.

Masafa ni megahezi 10489.5 hadi 10490. LNB ya kawaida itayashusha hadi karibu 739.5 hadi 740, ambayo kijikifaa cha USB cha SDR, yaani redio inayoendeshwa na programu ya kompyuta, kinayasoma. LNB inahitaji volti 13 kupitia waya, na volti hizo zikifika kwenye SDR zitaiua, kwa hiyo weka kigawanyi kinachozuia umeme upande wa SDR na ukipime kwa mita kabla ya kuunganisha. Jua la mchana litaihamisha LNB masafa kidogo; fuata taratibu kwa kitufe. Ukizoea kusikiliza na leseni ikiwa tayari, niandikie tena tuzungumze kurusha, kwa sababu njia ya kupanda ni megahezi 2400 na vifaa vyake ni vingine kabisa.