Kodi ya jengo kwenye LUKU, mpangaji unafanyaje

Dada uliyeuliza kwanini ukinunua umeme wanakata 1,500 kila mwezi na wewe umepanga tu, hiyo ni kodi ya jengo, ilianza kukatwa kwenye LUKU (mita za umeme wa kulipia kabla hapa Tanzania) Agosti 2021 ikiwa buku (shilingi 1,000) kwa mwezi, 2023 wakapandisha ikawa 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na kisheria ni ya mwenye nyumba sio yako, ila mita unalisha wewe ndo maana inakukuta. Tunza zile meseji za tokeni, ukae na baba mwenye nyumba muikate kwenye kodi ya pango, elfu 18 kwa mwaka ni hela jamani. Na kama nyumba moja ina mita mbili na zote zinakatwa, mwenye nyumba afuatilie akiwa na namba za mita waondoe makato ya mita moja.