Jibu: Utulivu wa Zen na tiba ya tabia vinapatana

Mkuu, umeuliza kama tafakuri ya Kibudha inaweza kwenda pamoja na tiba ya kubadili tabia, maana moja inasema "kubali" na nyingine "badilika". Swali zuri, na lilishamsumbua Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa akiwatibu watu wenye kujaribu kujiua mara kwa mara. Alipowasisitizia kubadilika tu, waliona wanalaumiwa. Alipowakubali tu walivyo, waliona mateso yao yanapuuzwa. Akaenda kujifunza Zen, tawi la Ubudha linalotilia mkazo tafakuri, akachukua humo namna ya kuikubali hali ilivyo, akaiunganisha na mazoezi ya tabia. Kitabu chake cha tiba hiyo, iitwayo DBT (Dialectical Behavior Therapy, tiba ya tabia inayounganisha kukubali na kubadilika), kilitoka 1993.

Kwa vitendo iko hivi. Hasira ikipanda, kwanza unaitazama: kifua kimebana, mikono ina joto, nataka kumtukana huyu. Hulifukuzi wazo, wala hulitii. Kisha, ukiona hasira haiendani na tukio lenyewe au haitakusaidia, unafanya kinyume cha inachokusukuma: unashusha sauti, unaondoka hapo kwa upole. Wengi huishia kwenye hatua ya kwanza, kutulia na kupumua tu, wakashangaa mbona tabia ni ileile!

Kuhusu hofu yako kwamba mazoezi haya yatakuingiza kwenye dini nyingine, Linehan mwenyewe alilelewa Mkatoliki, na mazoezi yake hayadai ibada yoyote.

Ila kama una kumbukumbu za ukatili zinazokurudia, usianze kwa kukaa kimya muda mrefu ukiwa umefumba macho peke yako. Zinaweza kuzidi. Anza na mtaalamu, macho wazi, dakika chache.