Usiiulize simu jina lake, iulize inakula nini

Wanaoingia kwenye saiti za maduka ninazotengeneza hapa Dar wanakuja na simu za kila aina, Tecno, Itel, Samsung yenye kioo kilichopasuka, iPhone mpya, mpaka vitochi vyenye Opera Mini, na madeveloopa wengi wakiona hivyo wanakimbilia kusoma User-Agent, yaani heda (mstari wa taarifa unaotumwa pamoja na ombi la ukurasa) ambayo brauza inajitambulisha nayo, halafu wanaandika if else ndeeefu ya majina ya simu. Jamani acheni. Hiyo heda inadanganya toka enzi, karibu kila brauza inajiita Mozilla/5.0, iPad tangu 2019 Safari yake inajitambulisha kama kompyuta ya Mac, na Chrome ya Android siku hizi inaandika "Android 10; K" kwa kila simu hata kama ina Android 14. Opera Mini ndo usiseme, ukurasa unapitia kwanza seva zao, simu yenyewe utaikuta kwenye heda nyingine, X-OperaMini-Phone-UA.

Mi naangalia heda ya Accept. Brauza ikiomba picha inataja inachoweza kufungua, ukiona image/avif mpe AVIF, ukiona image/webp mpe WebP (zote ni aina za picha nyepesi kuliko JPEG), hakuna kitu basi JPEG ya kawaida, na hapo hujali simu ni ya kampuni gani wala ya mwaka gani. Ya pili ni Save-Data: on, yaani mtu kawasha kubana data, huyu bando lake analihesabu, usimrushie slaida ya picha tano na video inayojicheza yenyewe (hizo slaida kwanza nani anaziangalia?). Mpe picha ndogo, bei, na namba ya WhatsApp. Hii haitumwi na brauza zote, kwa hiyo ukurasa wa kawaida nao uwe mwepesi.

Sasa pale watu wanapoungua ni keshi, yaani nakala za majibu zinazohifadhiwa ili zitumike tena. Ukibadilisha jibu kufuata heda lazima useme, kwenye jibu weka heda ya Vary: Accept, na Save-Data kama unaitumia, la sivyo keshi ya katikati inahifadhi AVIF ya mwenye simu mpya halafu inampa mwenye simu ya zamani, anaona kiboksi kitupu anaondoka. Vary: User-Agent usiweke, kila brauza ina yake, keshi haitakusaidia kitu. Na soma setingi za CDN yako (seva za katikati zinazosambaza saiti yako) maana si zote zinaiheshimu Vary.

Kupima huhitaji simu kumi, fungua terminal upige curl (programu ya kutuma maombi kwa seva) hivi, curl -I -H "Accept: image/webp" kwenye linki ya picha uone Content-Type inayorudi, kisha rudia bila webp.