Ngome za Wales: lipia mtu wa huko huko

Mhariri, salaam. Swali lenu la wiki hii, eti ukienda kutalii sehemu za kihistoria kwa siku moja bora ulipie muongoza watalii au uende zako na simu mkononi, mimi nalijibu hivi: kama ni ngome za kaskazini mwa Wales lipa, tena uliza kwanza huyo muongozaji ni mtu wa wapi. Mimi ni wa Mombasa, nakaa Liverpool, na huko Wales si mbali na hapa, basi dogo linawabeba asubuhi na jioni mko kwenu.

Sababu ndo hii. Ukienda Conwy peke yako utakuta ngome ya minara 8, utasoma vibao kwamba Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliijenga pamoja na kuta za mji kuanzia 1283 mpaka 1287, fundi mkuu James wa St George kutoka Savoy, gharama kama pauni 15,000 za wakati ule, utasema mashallah, utapiga picha, basi. Vibao havidanganyi. Lakini mama aliyetutembeza sisi, Kiwelisi ndo lugha ya kwao, hata ngomeni hakuanzia, alituanzisha kwenye uwanja wa mjini pale penye sanamu ya Llywelyn Mkuu, mtawala wa Wales wa zamani, akasema huyu alizikwa hapa hapa Conwy kwenye nyumba ya watawa iliyokuwepo kabla ya ngome, afu mjukuu wake Llywelyn ap Gruffudd akauawa vitani 1282, mwaka uliofuata Edward akawahamisha watawa wakajengewa kwengine kule Maenan, na mahali pao akaweka mji wake, akaleta Waingereza waje waishi ndani ya kuta na wenye nchi wabaki nje. Sa ukishasikia hayo ndo upande juu ya ukuta, manake ukuta unaupanda kabisa unatembea juu yake, una kama kilomita 1.3 na minara 21 na bado umeuzunguka mji, reli yenyewe ilibidi itobolewe tundu la kupitia. Huoni tena pambo, unaona kilichokuwa kikifanywa.

Na vyoo! Kuna sehemu ya ukuta ina vyoo 12 vimepangwa mstari, vimetokeza nje, vilikuwa vya wafanyakazi wa mfalme. Ningepita chini yake bila kujua nadhani ni urembo wa mawe. Kundi zima lilicheka, na mama akatuacha tucheke weee ndo akaendelea.

Hadithi niliyoipenda mimi ni ya Ijumaa Kuu ya 1401. Wakati wa uasi wa Owain Glyndŵr, aliyewaongoza Wawelisi dhidi ya Waingereza, binamu zake wawili, Rhys na Gwilym ap Tudur, waliiteka hii Conwy. Walinzi karibu wote walikuwa kanisani, watu wao wakaja langoni wakijifanya maseremala wamekuja kazini, wakafunguliwa, kwisha habari. Hela zote zile na minara yote ile, imefunguliwa na mtu aliyedhani ni fundi wa mbao. Walikaa nayo miezi kadhaa mpaka wakakubaliana masharti. Yule mama alivyokuwa akisimulia ungedhani ni jambo la juzi, na yeye alikuwepo, na ameshika msumeno.

Kuna jambo moja lakini alilolisema mimi nikalielewa kabla hajamaliza, yaani kwamba hizi ngome zilikuwa zikilishwa na bahari. Kipupwe cha 1294 kuingia 1295 Madog ap Llywelyn aliwaongoza Wawelisi kuasi, Edward mwenyewe akakwama ndani ya Conwy, mto umefurika, chakula kinapungua, wanategemea meli tu. Sisi tuliokulia karibu na Fort Jesus hayo tunayajua. Mreno alianza kuijenga 1593, kaiweka mdomoni mwa bandari, na Waomani walipoizingira kuanzia 1696 waliokuwa ndani waliishi kwa kusubiri msaada wa baharini, maradhi yakawamaliza, mpaka 1698 ikaanguka. Mgeni akijenga ngome kwenye nchi ya watu hawezi kukaa mbali na chombo chake.

Ngome ya Caernarfon, nayo ya Edward, ni kubwa zaidi na ina majivuno zaidi, minara ya pembe nyingi, mawe ya rangi mbili yamepangwa mistari mistari. Hapo ndo utampimia muongozaji wako. Kila mtu atakusimulia kwamba Edward aliwaahidi watu wa Wales mwana wa mfalme aliyezaliwa kwao na asiyejua neno la Kiingereza, afu akawatolea kichanga. Mtoto kweli alizaliwa hapo, 1284, ndo aliyekuja kuwa Edward wa Pili, lakini hiyo ahadi imeanza kuandikwa karne ya 16 huko, kwa hiyo ni ngano. Mama yetu aliisimulia vizuri sana kisha akasema wazi hii ni ngano. Wapo wasiosema. Niliwahi kwenda na kampuni nyengine, siitaji, kijana alisoma karatasi njia nzima, ukimuuliza swali anarudi mstari wa juu.

Kwa hiyo kabla hujalipa waulize ngome ngapi na saa ngapi kila moja. Wanaokutajia Conwy, Caernarfon na Beaumaris zote kwa siku moja wakwepe, utaona maegesho kuliko ngome. Mbili zinatosha, na Conwy ipewe muda mrefu, uutembee ukuta, uione ile nyumba nyekundu ya bandarini inayosemwa ndo ndogo kuliko zote Uingereza, upana haufiki mita mbili, wakati mvuvi wa mwisho kuishi humo alikuwa pande la mtu. Chukua koti, huko juu ya ukuta upepo hauna adabu hata Julai. Beaumaris ndo pekee ningeenda mwenyewe bila mtu, ilianzwa 1295 baada ya ule uasi wa Madog na haikumalizwa mpaka leo, ipo kwenye tambarare, kuta mbili moja ndani ya nyengine na handaki lenye maji, na watoto wakishaona maji na bata hawatasikiliza muongozaji yeyote.