Taa za Krismasi Unguja
Mtaa mzima uliopambwa taa za Krismasi nyumba kwa nyumba, kama wafanyavyo Marekani, hapa Unguja hakuna, ndugu yangu, wengi wetu Waislamu. Ukitaka sikukuu yenyewe nenda Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki upande wa Shangani, au kanisa la Waanglikana la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Hilo la Mkunazini hata jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi, 1873. Mie nakaa nyuma yake, mkesha wa tarehe 24 nyimbo nazisikia mpaka chumbani, raha tupu. Gari iwache Darajani, uingie kwa miguu. Ila ndani wanasali, usiende na kaptula, na picha omba ruhusa kwanza.