Kwa Nini Mama Yako Hapandi Pantoni

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa ndani ya mwendokasi, nikapitiliza kituo. Umeniuliza: "Baba, mtu aliyeumia akimpenda mwenzake aliyeumia, wataokoana au watazamishana?" Ukaeleza kwamba shangazi yako amekushauri uachane na huyo kijana, kwa sababu amelelewa kwa zamu, mwaka huu kwa baba mdogo, mwaka unaofuata kwa bibi, na wewe mwenyewe, kwa maneno yake, "una mambo yako." Mambo yako nayajua, mengine nimeyasababisha mimi. Nimejaribu kukujibu kwenye simu mara tatu, nikafuta. Naona niandike kwa kalamu, nipige picha nikutumie. Mama yako ameweka sharti aisome kwanza, kwa hiyo ukiona maandishi pembeni ni yake.

Shangazi yako usimkasirikie. Alituona mimi na mama yako tangu mwanzo, na alichokiona kilikuwa cha kutisha.

Mwaka 1998 tuliingia kidato cha tano shule moja ya hapa mjini. Jina tuliache, baadhi ya walimu wake bado wana nguvu ya kushika fimbo. Yeye PCB, mimi HKL. Mimi mtoto wa Magomeni Kagera, mdomo haupumziki, mdahalo wa Ijumaa bila mimi haukunoga. Yeye alikuja kutoka Mwanza, akifikia kwa mjomba wake Sinza, na nadhani wiki tatu za kwanza hakuna aliyeisikia sauti yake. Mapumziko sisi tunagombania mihogo ya kukaanga, yeye amekaa chini ya mwarobaini anatafuna kahawa ya kwao Bukoba, punje mojamoja, anatoa kwenye kijifuko cha kitambaa. Siku niliyosikia ni Mhaya nikamfuata: "Dada, sisi ndugu, hata mimi natoka Kagera." Akauliza, Kagera ipi? "Ya Magomeni." Hakucheka.

(Nilicheka. Nilisubiri ageuke.)

Mwaka uliofuata, tukiwa kidato cha sita, darasa likapanga matembezi ya ufukweni Kigamboni. Tukafika Magogoni, pantoni limeshusha mlango, watu, baiskeli na mikokoteni vinaingia kwa pamoja. Wenzetu wote wakapanda. Mama yako akasimama pale zege linapoingia majini, hasogei mbele wala harudi nyuma. Mimi tayari nilikuwa ndani. Unanijua, nafasi ya kuchekesha watu hainipiti. Nikapaza sauti: "Jamani, mtoto wa ziwani anaogopa maji! Samaki gani huyu?"

Pantoni zima likacheka, hata wasiotujua. Yeye akanitazama, akasema kwa sauti ya chini ambayo sijui niliisikiaje kwenye kelele zile: "Mama yangu hakuwa samaki."

Nikashuka. Pantoni likaondoka na darasa letu.

Wewe unajua kwamba bibi yako alifariki kwenye MV Bukoba, lakini mama yako hajawahi kukueleza alikuwemo kwa nini. Ameniruhusu nikueleze. Mei 1996 alikuwa kidato cha tatu, bweni, Mwanza. Aliandika barua nyumbani kwamba viatu vyake vimechanika na mwalimu wa zamu anamsumbua. Bibi yako akanunua viatu. Angeweza kuvituma kwa mtu, ila alitaka amwone mtoto avivae. Akapanda meli Bukoba jioni ya tarehe 20. Meli ile ilikuwa ya abiria 430, na usiku ule ilibeba wengi kupita hapo. Asubuhi ya tarehe 21, Mwanza ikiwa karibu, ikapinduka. Mengine ulisoma shuleni, lakini shuleni nadhani hawafundishi kwamba ilibaki imeelea tumbo juu na ndani watu walikuwa wanagonga, na walipotoboa bati ili wawatoe, hewa ikatoka na meli ikazama. Mama yako alikuwa kwenye mji ule ule, na habari za kugonga zilifika bwenini. Bibi yako hakuonekana. Wengi walizikwa Igoma, na mama yako mpaka leo hajui kama wake ni mmoja wao.

Sasa kumbuka utotoni mwako. Uliwahi kuomba viatu vya shule hata mara moja? Vilikuwa vinakuja kabla vya zamani havijaisha, mimi nalalamika kuhusu hela, na yeye hajibu.

Siku ile pale Feri sikujua la kusema. Kwa kijana aliyeishi kwa kusema, lilikuwa jambo jipya. Nikamnunulia pweza wa kukaanga, nikamshikia kibakuli cha pilipili. Akala wote, hakunibakizia.

Tukaanza hivyo. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa za wenye nazo, sisi tuliandikiana barua. Nazichomeka kwenye kitabu chake cha Bailojia, sura ya figo, mahali ambapo mtu wa HKL hashukiwi kufika. Katika mojawapo nikamweleza la kwangu.

La kwangu unalijua nusu. Unajua babu yako alituacha nikiwa na miaka tisa, akaanza nyumba nyingine Temeke. Hujui habari ya kipanya. Alikuwa anaendesha Hiace, na nikiwa darasa la saba nilikuwa nikisimama kituoni naiangalia ikipita. Siku moja ikasimama. Nikapanda na sare yangu. Konda akataka nauli, nikamwambia dereva ni baba yangu. Konda akacheka, akaita: "Suka, dogo huyu anasema wewe ndiye mshua wake." Babu yako akanitazama kwenye kioo. Macho yetu yalikutana, mwanangu, hilo nina uhakika nalo. Akasema, "Simjui." Nikashushwa. Abiria walicheka kidogo, si kwa ubaya. Toka siku hiyo nilihakikisha watu wanaponicheka, mimi ndiye niliyewachekesha.

Hapo ungetegemea niseme kwamba baada ya kuambiana hayo tulikumbatiana, vidonda vikakauka. Tulichofanya ni kuanza kushindana. Yeye akinyamaza siku nzima, mimi naona ananinyima. Mimi nikifanya mzaha mbele ya watu, yeye anaona namdhihaki. Halafu siku moja, nyuma ya maabara, nikatamka neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka usiku nakaa kitako. Nilimwambia: "Wewe angalau mama yako alikuwa anakuja kwako. Wangu aliniona akanikana." Akanijibu papo hapo, kana kwamba alikuwa ameliandaa: "Wako ukimtaka unapanda daladala la Temeke."

Tukanyamaziana miezi. Kitabu cha Bailojia kikabaki na figo tu.

Hapa ndipo swali lako lilipo, kwa hiyo nivumilie kidogo. Shangazi yako anaogopa kwamba kijana ameumia. Mimi hilo halinitishi. Nani wa mjini hapa hajaumia? Ninachokuuliza ni hiki: ukimweleza la kwako, anafanya nini? Anakusikiliza mpaka mwisho, au ukifika katikati anatoa la kwake aliweke juu? Na wewe je? Maana nakujua, una mdomo wangu. Mimi na mama yako nusura tuachane tukiwa na miaka ishirini, na hatukuwa tumechokana. Kila mmoja alitaka cha kwake ndicho kiitwe kidonda na cha mwenzake kiitwe mkwaruzo.

(Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Na barua ya kwanza ya kuomba radhi niliandika mimi, hakuipata, kitabu kiliazimwa na mtu.)

Hilo la barua nalisikia leo, baada ya miaka yote hii. Tutaongea naye.

Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu Nyerere akafariki London. Mwili ulipoletwa na kuwekwa Uwanja wa Taifa, na sisi wanafunzi tukaenda kuaga. Foleni ile sijaiona tena maishani. Mama yako alikuwa mbele yangu kama watu sita. Alipofika kwenye jeneza akasimama. Askari akamwonyesha kwa mkono asogee, hakusogea. Kisha akalia, na alichoita ni "Ma! Ma!" kwa Kihaya, kama mtoto wa miaka minne. Akina mama waliokuwa karibu wakamshika, wakamwambia pole mwanetu, Baba wa Taifa amekwenda. Walidhani analia walichokuwa wakilia wao. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba miaka mitatu na nusu alikuwa hajaona jeneza la kulilia.

Nikamtoa nje. Tukatembea kwa miguu kutoka pale mpaka Kariakoo, mabasi yalikuwa hayapandiki. Sikusema neno. Alilia mpaka Keko, baada ya Keko akaanza kusimulia: bibi yako alivyokuwa akifunga kilemba, alivyokuwa hawezi kuongea kwa sauti ndogo hata kanisani. Nikasikiliza. Sasa ujue, uwanja ule uko Temeke. Kipanya cha babu yako kilikuwa kikipita barabara ile ile. Siku zote nilipofika upande ule nilikuwa nakodolea macho kila Hiace. Siku ile zilipita nyingi, na nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kwamba sikuangalia hata moja.

Miaka ya katikati unaijua, chuo, harusi ya ukumbi wa kuazima, wewe.

Mwaka 2011 nikapigiwa simu kwamba babu yako amefariki. Nilisema siendi. Mama yako alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa. Akasema: "Wewe una wa kumzika. Nenda." Nikaenda. Wakasoma historia ya marehemu, wakasema ameacha watoto wanne. Mimi ni wa tano. Nikatupa udongo wangu, nikarudi. Nikakuta ndizi zimepikwa kwa nyama kama kwao, akaniwekea, akakaa karibu yangu na hakuniuliza lolote. Sikumwambia habari ya wale wanne mpaka mwaka uliofuata. Bado inauma, kwa taarifa yako. Mzaha wangu mbele ya wageni, unaokukera, unatokea huko.

Na yeye bado hapandi pantoni. Ulipokuwa na miaka kumi na tano, Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, tulikuambia mama ana malaria. Hakuwa na malaria. Alijifungia na redio siku mbili, chai naiacha mlangoni naikuta imepoa. Jumamosi waliposema fundi mitambo ametolewa hai kutoka ndani ya kivuko, akafungua mlango. Akauliza: "Ina maana safari hii waliwasikia?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia chai nyingine iko jikoni.

Kabla daraja halijafunguliwa 2016, kila msiba na kila harusi ya Kigamboni tulizunguka Mbagala mpaka Kongowe, nusu siku imeisha, ndugu wananung'unika kwamba tunaringa. Sikuwahi kuwaeleza. Haikuwa habari yangu ya kueleza.

Kuhusu huyo kijana sikukatazi na sikusukumi. Umeniomba tufike kwa bibi yake Kigamboni Jumamosi. Tutakuja. Waambie wasitungoje mapema, tunapita darajani na siku hizo foleni haitabiriki. Shangazi yako naye anakuja, nimemwahidi atakaa kiti cha mbele.

Nakupenda.

Baba yako

(Nimesoma yote. Pale pa kulia kwenye jeneza ameongeza chumvi, lakini mwache. Mwulize huyo kijana anavaa kiatu namba ngapi, unitumie leo leo. Mama.)